Maswali na majibu: maji ya bati, mkojo wa damu na safari ya zahanati

Shikamoo daktari. Sisi wa Newala tunakinga maji ya mvua kwenye bati na kuyahifadhi tangini. Maji yametoka mbinguni, mbona mnatuambia tuchemshe?

Marahaba. Yangeingia kikombeni moja kwa moja, nisingekusumbua. Lakini yanapita kwanza batini, ambako kuna vinyesi vya ndege na vumbi la kiangazi kizima. Mvua ya kwanza isiingie tangini: geuza bomba, maji yaende migombani. Kisha itazame ndoo ya kuchotea. Nyumba nyingi naikuta imelala uani, kuku wanaparua kando yake, halafu inazamishwa tangini hivyohivyo. Iwe na mahali pake, itundikwe.

Ya kunywa, chemsha. Yakishatokota kabisa, dakika 1 inatosha. Wanaoacha sufuria itokote nusu saa wanamaliza kuni bure. Kama kuni hakuna, jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa angavu ya plastiki, isiyozidi lita 2, uilaze juu ya bati lilelile kwenye jua kali kwa saa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2. Siku za mvua mfululizo njia hiyo haifai, tumia vidonge vya klorini.

Mwanangu wa miaka 10 anakojoa damu. Anapenda kuoga bondeni, mto Lukuledi. Wazee wanasema anabalehe. Nikimchemshia maji ya kunywa atapona?

Hapana, mama. Waambie wazee, kwa heshima zote, kuwa kubalehe hakutoi damu kwenye mkojo. Dalili hiyo inafanana sana na kichocho, na kichocho hakinywewi: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi mtoto akiwa anaogelea. Mpeleke zahanati apimwe mkojo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na dozi hufuata uzito au urefu wake. Ila akirudi kuoga palepale, ataambukizwa tena. Na asikojoe mtoni, kwa maana mkojo wa mgonjwa ndio unaopeleka mayai kwa konokono.

Mimi mvuvi wa Mikindani, nashinda baharini. Na mimi nihofie kichocho?

Baharini, hapana. Konokono hao ni wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi.

Mtu akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, na zahanati iko mbali, nianze na nini?

Anza na kinywaji, na papo hapo tafuta usafiri. Huenda ni kipindupindu, nacho kinaweza kuua ndani ya saa chache, na kinachoua ni kuishiwa maji mwilini. Koroga pakiti ya ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, kama inavyoelekezwa. Huna? Lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, siyo vya kurundika. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee kidogokidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mkipata bodaboda, chupa ya maji hayo ishikwe na anayekaa nyuma ya mgonjwa, amnyweshe njia nzima.