Kabla hujaiamini ramani yako ya mmomonyoko

RUSLE, kanuni ya kukadiria udongo unaopotea kwa mmomonyoko, ni kuzidisha namba tano tu: nguvu ya mvua (R), wepesi wa udongo kumomonyoka (K), urefu na mwinamo wa mteremko (LS), mimea inayofunika ardhi (C) na hatua za kuhifadhi udongo (P). Jibu ni tani kwa hekta kwa mwaka. Urahisi huo ndio unaowaponza wengi.

Anza na vizio. Tuseme shamba la mahindi kwenye miinuko ya juu ya mto Tana, Kenya, kwa vizio vya SI: R 5,000, K 0.025, LS 4, C 0.3, P 0.6. Zidisha, unapata tani 90. Sasa chukua K ya udongo uleule kwenye jedwali la Kimarekani, 0.19, usahau kuizidisha kwa 0.1317 ili iwe ya vizio vya SI: jibu linaruka hadi tani 684. Programu haitakuonya.

Kwenye LS, ziba mashimo ya uongo katika data ya mwinuko, kisha wekea urefu wa mteremko kikomo. Mara nyingi mita 120 zinatosha. 300 ndiyo mwisho. Usipofanya hivyo, seli (vijiraba vya ramani) za mtoni zitahesabiwa kama mteremko mmoja mrefu na ramani itawaka nyekundu kandokando ya mto. SRTM, data ya mwinuko iliyopimwa kutoka angani, ya seli za mita 30, haioni matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro uliotupwa upande wa juu). Hayo ni ya P, na uyaingize baada ya kwenda kuyaona: tuta lililobomoka hukusanya maji na kuyamwaga sehemu moja, na hapo korongo huanza.

C ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Wastani wa ukijani wa mimea wa mwaka mzima, kwenye picha za setilaiti, unadanganya. Masika inapoanza, Machi na Aprili, shamba limetoka kulimwa, mahindi hayajafika magotini, na matone yanapiga udongo mtupu. Tafuta C ya kila mwezi, izidishe kwa R ya mwezi huo, jumlisha, kisha gawa kwa R ya mwaka. Vuli nayo isisahauliwe.

RUSLE haihesabu makorongo, kingo za mito wala barabara za vumbi. Tena udongo mwingi unaotoka shambani hutua chini ya mteremko bila kufika mtoni. Kwa hiyo usizilinganishe tani zako moja kwa moja na tope la bwawa la Masinga kwenye mto Tana, lililokamilika 1981. Ukiwa na vipimo vya kina cha bwawa vya miaka miwili tofauti, zidisha ujazo wa tope kwa uzito wake mkavu kwa mita ya ujazo, kisha gawa kwa idadi ya miaka na eneo la bonde linalomwaga maji bwawani. Tope likizidi makadirio, katafute makorongo na mitaro ya barabara kwanza. Usipandishe C ili namba zilingane.