Sindano ya miezi mitatu na hasira zisizoeleweka: jibu langu kwa mdogo wangu wa Kasulu

Mdogo wangu wa Kasulu, nimekusoma wewe na majibu yote uliyopewa. Umesema ulichoma sindano ya uzazi wa mpango, na sasa unalia bila kuguswa na mtu, watoto wakipiga kelele unatamani uikimbie nyumba, na shemeji kaanza kusema umepata mtu mwingine. Ukauliza kama sindano inaweza kuingia kichwani. Mmoja kakujibu umerogwa. Wa pili kasema dawa hizi zote zinaoza ubongo. Wa tatu, anayejiita mtaalamu, kasema hakuna kitu kama hicho, ni mawazo yako tu. Wote watatu nawapinga, na huyo wa mwisho nampinga zaidi kwa sababu ndiye aliyeandika kwa kujiamini kuliko wenzake.

Mimi si daktari. Niko Ujiji, biashara yangu dagaa. Nimemeza vidonge vya majira kwa miaka bila shida yoyote, nikahamia sindano kwa kuwa nilikuwa nasahau kumeza, na sasa nina kitanzi. Yaliyonipata kwenye sindano yanafanana sana na ya kwako.

Kwanza swali lenyewe. Homoni hizi kufika kichwani ndiyo kazi yake. Kuna sehemu ya ubongo inaitwa haipothalamasi, inatuma amri kwenye tezi ya pituitari iliyo chini yake, na tezi hiyo ndiyo inayoamsha mayai. Homoni ya sindano au ya kidonge ikijaa kwenye damu, ubongo unaona homoni zipo za kutosha, unaacha kutuma amri, yai halipevuki. Sasa mtu anakubali kwamba dawa inanyamazisha amri za ubongo, halafu anakataa katakata kwamba inaweza kugusa hisia. Mtu huyo mimi simwelewi.

Kuna na jambo jingine. Mwili ukitengeneza projesteroni yake wenyewe, yaani homoni ya kike ambayo sindano inaiiga, sehemu ya projesteroni hiyo hugeuzwa kuwa kitu kinachoitwa alopregnanoloni. Hiki hutuliza ubongo, tena kupitia vipokeo vilevile ambavyo diazepamu, dawa ya kutuliza, hufanyia kazi. Mayai yakilala, projesteroni ya asili inashuka, na ile ya kwenye sindano, medroksiprojesteroni, haigeuki kuwa kitulizo hicho. Baadhi ya wanawake hutetereka hapo. Nasema baadhi, maana wapo wengine ambao mabadiliko ya kila mwezi ndiyo yanayowachokoza. Hao wakikaribia siku zao nyumba nzima inajua. Wao mzunguko ukizimwa wanapata nafuu, na Marekani kipo kidonge chenye drospirenoni kilichoruhusiwa mwaka 2006 kutibu hali hiyo ikiwa kali. Kwa hiyo jirani yako akikuambia uzazi wa mpango umemtuliza, hakudanganyi.

Kwa wanaopenda hesabu: mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichapisha takwimu za wanawake zaidi ya milioni 1 wa umri wa miaka 15 hadi 34. Katika kila wanawake 100 waliotumia njia za homoni, kwa mwaka mmoja kama 2.2 walianzishiwa dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kwa wasiotumia ilikuwa 1.7. Tofauti ipo, lakini ona ilivyo ndogo, wengi mno hawakupatwa na kitu. Waliotetereka zaidi ni wasichana wa miaka 15 hadi 19. Kwao hatari ilikaribia mara mbili kwa vidonge vya kawaida vya homoni mbili, estrojeni na projestini, na ikazidi mara mbili kwa vile vya homoni moja. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuapa kwamba dawa ndiyo chanzo, kwa sababu msichana anayeanza vidonge mara nyingi ameanza na mapenzi, na mapenzi yana machozi yake.

Wasweden wao waligawa vidonge kwa wanawake 340, nusu ya kweli na nusu bandia, kwa miezi mitatu, matokeo yakatoka 2017. Waliomeza vya kweli walisema maisha yamepungua raha na nguvu. Dalili za sonona, hata hivyo, hazikutofautiana na za wenzao. Hapo nikaelewa kwa nini mtu anaweza kukaa na hali hii muda mrefu bila kuitwa mgonjwa: unapika, unauza, unaamkia wakubwa, ila ndani hakuna ladha.

Na ninyi kaka zetu mnaoandika humu kwamba wanawake tunadeka, Shirika la Afya Duniani liliwahi kujaribu sindano ya uzazi wa mpango kwa wanaume 320. Mwaka 2011 ilisimamishwa kuchomwa kwa ajili ya madhara, na mabadiliko ya hisia yalikuwamo. Sisi tunaambiwa tuvumilie. Si jambo jipya: kidonge cha kwanza kilipojaribiwa Puerto Rico mwaka 1956, daktari mwanamke aliyesimamia, Edris Rice-Wray, aliripoti kwamba madhara ni mengi mno, na wakubwa wa utafiti wakasema ni mambo ya akilini mwao. Vidonge vya wakati ule vilikuwa na homoni nyingi kuliko vya leo, lakini jibu la "ni mawazo yako" halijapunguzwa dozi.

Sasa yangu. Nilianza sindano mwaka 2024, karibu na kipindi ziwa lilipofungwa. Watu wa huku wanakumbuka: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti hakuna kuvua Ziwa Tanganyika, samaki wazaliane. Baba watoto ni mvuvi. Mwanaume aliyezoea kulala ziwani wakati wa giza, sasa yupo ndani usiku na mchana, hana hela, na mimi sina dagaa wa kuanika. Kibirizi yote, mwalo wetu wa dagaa, ilikuwa imenuna. Katika hali hiyo, nani angeitazama sindano? Nikilia, sababu ipo. Nikikosa usingizi, sababu ipo. Hamu ya tendo ikapotea kabisa, nayo nikaipatia sababu, kwamba mtu mwenye madeni hana hamu.

Ziwa likafunguliwa. Mitumbwi ikarudi majini, karabai zikaonekana tena usiku, hela ikaanza kuzunguka, mwenzangu akarudi kuwa mcheshi. Mimi nikabaki palepale, na baada ya sindano iliyofuata nikazama zaidi. Hapo ndipo nilipoanza kuandika kwenye kalenda ya ukutani. Siku mbaya naweka alama, pembeni naandika kama ni giza au mbalamwezi, maana nilitaka kujua kama ni upweke wa mume kuwa ziwani. Haikuwa hivyo. Alama zilijaa kotekote, akiwepo na asipokuwepo.

Nakushauri ufanye hivyo hivyo kabla hujaamua lolote, na ujiulize ni nini kingine kilianza pamoja na sindano. Hukusema mtoto ana umri gani. Kama umejifungua karibuni, hilo ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Wengi wetu sindano tunaanzishiwa mtoto akiwa na wiki sita, yaani katikati kabisa ya kipindi hicho. Hapo sindano inaweza kubebeshwa mzigo wa uzazi, na ukiiacha tu ukajiona umemaliza, sonona inabaki bila tiba. Kapime pia wingi wa damu, maana upungufu wa damu nao unachosha na kukasirisha.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda nesi aliniambia nitazoea, akataka kunichoma nyingine palepale. Nikakataa, nikaenda sehemu nyingine yenye nyota ya kijani mlangoni, ile alama ya huduma za uzazi wa mpango. Huko nesi aliichukua ile kalenda, akaisoma mwezi kwa mwezi, akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia: nimewahi kuugua sonona kabla, kuna mtu nyumbani ananipiga, nawaza kufa? Nilimheshimu sana yule mama. Alinieleza kwamba sindano ikishaingia haitolewi, mpaka iishe yenyewe. Dozi ya sindano hii, iitwayo Depo-Provera, ni miligramu 150 na inalinda miezi mitatu, lakini masalia yake hukawia. Hata uzazi, kwa wanaotafuta mtoto, wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho.

Ndiyo maana msimamo wangu leo, na wengine mnaweza kunipinga, ni kwamba mwanamke mwenye historia ya sonona, au aliyewahi kuvurugwa na homoni, asianzie kwenye sindano. Miongozo ya kimataifa haimkatazi, na sisemi akatazwe. Nasema aanze na kitu anachoweza kukiacha leo. Vidonge unaacha, siku chache vimetoka mwilini. Kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kinatolewa siku yoyote, usikubali kuambiwa lazima ukimalize miaka mitatu au mitano. Sindano ni kama kupanda boti ya kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo: ukigundua katikati kwamba umesahau mtoto, utafika kwanza.

Mimi nilisubiri iishe huku tunatumia kondomu, kisha nikawekewa kitanzi cha shaba. Hakina homoni hata chembe na kinakaa miaka 10 au zaidi. Miezi ya mwanzo kilinitesa kwa tumbo na hedhi nzito, sikufichi, na mwenye damu pungufu afikirie mara mbili. Kichwa kilirudi polepole, siwezi kukutajia siku. Nilijua tu kwamba nimeanza tena kubishana na wateja kwa utani badala ya kwa hasira.

Usiache ghafla bila kuwa na njia nyingine mkononi. Nawajua walioacha kwa hasira wakarudi kliniki na mimba wasiyoipanga, na mimba nayo ni homoni, tena nyingi kuliko sindano yoyote. Kwenye vituo vya serikali huduma hii ni bure, kubadilisha njia ni haki yako.

Kuhusu shemeji, mpeleke. Baba watoto naye alikuwa na wasiwasi wake wa mwanaume mwingine, hakusema ila nilimwona. Maneno yangu hayakumwingia. Alipoelezwa na nesi kwamba kupotea kwa hamu kunaweza kuletwa na dawa, alitoka pale akiuliza itaisha lini. Na wewe, ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kalenda wala kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, ya wilaya au ya mkoa Maweni, na usiende peke yako.

Mtu kaleta ile habari ya uvimbe kichwani. Ipo kweli, utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2024: sindano hii ikitumika zaidi ya mwaka, hatari ya uvimbe wa utando wa ubongo uitwao meninjioma iliongezeka kama mara tano na nusu. Inatisha kuisoma hivyo. Lakini kati ya wanawake zaidi ya 18,000 waliopasuliwa uvimbe huo, waliokuwa wametumia sindano hii ni 9, na uvimbe wenyewe kwa kawaida si saratani. Aliyewahi kuwa nao achague njia nyingine. Kinachonitisha zaidi mimi ni wenye kipandauso kinachoanza na kuona vimulimuli au mikanda ya mwanga, halafu wanajinunulia duka la dawa vidonge vyenye estrojeni. Hao hatari yao ya kiharusi hupanda, na vidonge hivyo hawatakiwi kabisa.

Na wewe uliyeuliza kuhusu dada yako mwenye kifafa: dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitali hupunguza nguvu ya vidonge na kijiti, anaweza kupata mimba akiwa navyo. Sindano haipunguzwi nguvu na dawa hizo, na kitanzi cha shaba pia hakiguswi. Kama anameza lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, ni kinyume, vidonge vyenye estrojeni vinaishusha dawa kwenye damu na degedege linaweza kurudi. Aende na pakiti za dawa zake mkononi, amwonyeshe nesi kabla hajachagua chochote.