Maswali ya Wasomaji: Dini Nyingi, Ratiba Moja

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi hapa Ujiji. Tuna watoto Waislamu, Wakatoliki, Walokole, Wasabato, na wengine kwao ni mila tu. Kila muhula manung'uniko. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu Mjumbe, anzieni kwenye ratiba na sufuria. Manung'uniko mengi huanzia huko kuliko kwenye imani yenyewe.

Kipindi cha dini kiwekeni wakati mmoja kwa wote, kila dini na chumba chake na mwalimu wake. Panapoharibika ni kwa watoto wasio na mwalimu wa dini yao: hupewa mafagio. Mtoto anayefagia uwanja wenzake wakisoma ameshaadhibiwa kwa imani ya nyumbani kwao. Wapeni mwalimu na vitabu vya hadithi. Msiwasukumie darasa la dini nyingine mzazi hajaridhia; uhuru wa imani umo katika Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977.

Ijumaa, msinakili ratiba ya Dar es Salaam. Saa ni moja, jua si moja: adhuhuri ya Kigoma huchelewa kuliko ile ya Dar kwa kama dakika 39, ikaangukia karibu saa 7 mchana. Ukiwaruhusu Waislamu kwenda kuswali saa 6:20, watazurura sokoni kabla ya adhana. Jaribio la Jumamosi lihamishieni Jumatano, Wasabato nao wafanye.

Jikoni, nyama huleta swali la nani kachinja. Kambale hana magamba, Msabato hamgusi. Maharage, au dagaa kwa mawese, wote watakula. (Na maharage ni bei nafuu kuliko nyama.) Ramadhani, uji wa saa 4 uendelee kwa wasiofunga, ila waliofunga wasikalishwe hapo kutazama vikombe, wasamehewe na mchakamchaka. Mwezi huo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haifai.

SWALI: Mstarini asubuhi, tupokezane dua? Leo Mkristo, kesho Mwislamu?

JIBU: Hapana. Inaonekana haki, lakini mtoto wa mila hana siku yake. Wimbo wa Taifa wenyewe ni dua, na wote wanaujua. Ongezeni dakika moja ya kimya, kila mtu na lake moyoni. Zamu zina kasoro nyingine pia: mwenye zamu akinogewa, kipindi cha kwanza kimeliwa.