Faini ya Tuktuk Haimponyi Mama Mguu

SWALI: Shikamoo Bi Wakili. Nasomea diploma ya biashara hapa Mombasa. Mjomba wangu ana tuktuk, amempa kijana anayemletea hesabu kila jioni. Mwezi uliopita kijana huyo aligonga meza ya mama anayeuza viazi karai Kongowea, mafuta yakamwagika yakamuunguza mguu. Kortini alikiri kuendesha bila uangalifu, akapigwa faini, mjomba akamlipia. Sasa yule mama ameleta barua ya kudai fidia. Mjomba asema kosa moja halilipwi mara mbili. Ni kweli?
Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mjombako, kwa adabu, kwamba ile faini haikumfikia yule mama hata senti. Imeingia serikalini. Katika kesi ya jinai anayeshtaki ni Jamhuri; mama alikuwa shahidi tu, na mguu wake umebaki vilevile.

Fidia ni kesi ya madai, na hiyo ni yake mwenyewe. Ana miaka 3 ya kuifungua tangu siku ya ajali. Huko hatadaiwa ushahidi usioacha shaka, kama upande wa mashtaka unavyodaiwa. Yatosha mizani imwelemee kidogo. Tena kijana amekwisha mrahisishia kazi. Kwa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, mtu aliyetiwa hatiani kwenye jinai hawezi kwenda korti ya madai akakana hatia hiyo. Wengi hukiri "yaishe", kumbe ndiyo yanaanza.

Mjombako atasema: mimi na mama huyu hatukuagana chochote, hakuwa hata abiria. Hapo ndipo mwalimu wenu atawaletea konokono. Mwaka 1928, mjini Paisley, Uskoti, bibi mmoja alinunuliwa na rafiki yake chupa ya soda ya tangawizi, akadai mlikuwa na konokono aliyeoza. Yeye hakununua kitu, kwa hiyo mkataba hakuwa nao. Mwaka 1932 majaji wakuu wa Uingereza waliamua, watatu kwa wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumwangalia atakayekunywa. (Kama konokono kweli alikuwamo, halikuthibitishwa kortini hadi leo.) Anayeendesha tuktuk naye ana wajibu huohuo kwa aliye kando ya barabara, awe amelipa nauli au hakulipa.

Lakini kwa nini alipe mjomba? Kwa sababu chombo kilikuwa barabarani kwa faida yake. Dereva akikosea akiwa kazini, mwenye kazi hubeba.

Kujitetea kupo. Ikiwa meza ilikuwa imeingia barabarani, hakimu aweza kusema mama naye alichangia, akapunguza fidia. Na barua hiyo msiiweke kabatini: ipelekeni bima leo. Bima ile ya lazima ni ya majeraha na vifo vya watu wengine, kwa hiyo mguu umo. Karai na meza, mjomba ajitayarishe kutoa mfukoni.

Kisha mkae na kijana faraghani, mumwulize alikuwa akienda wapi. Kama alikuwa na abiria, mjomba hana pa kutokea. Kama alikuwa akimtembeza mchumba wake Nyali bila ruhusa, niandikie tena.