Data za samaki ziko tayari, metadata niandike nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia rasilimali za uvuvi mkoani Tanga. Tuna faili ya Excel ya samaki walioshushwa dikoni kwetu tangu 2021 hadi 2023. Tungependa iingie GBIF, mtandao wa kimataifa wa data huria za viumbe hai, watafiti waitumie, lakini tumeambiwa tuandae metadata kwanza. Je, kichwa cha faili na majina yetu havitoshi?

JIBU: Marahaba, katibu. Havitoshi. Kwa kichwa na majina, mtu ataiona faili yenu, ila hataweza kuitumia. Metadata ni yale yote ambayo ungemweleza mgeni aliyeketi nawe dikoni na daftari lenu mkononi.

Chukua mstari mmoja kati ya ile uliyonitumia: “07/04/2022, saa 2, tasi, 3.5”. Wewe unaona asubuhi, ngalawa zinarudi. Msomaji aliyeko Copenhagen, iliko sekretarieti ya GBIF, ataona saa nane za usiku. Mmarekani ataiona tarehe 4 Julai. Na hiyo 3.5 ni kilo? Ni samaki mmoja, au ni tasi wote wa chombo hicho? Walipimwa wazima, au wameshatolewa matumbo? Niliwahi kupokea data ambazo saa zake zote zilikuwa za Kiswahili bila neno lolote la kueleza, nikafanya kazi wiki nzima nikiamini wale wavuvi hutua usiku wa manane. Iliniuma, kwa sababu sentensi moja tu ingetosha. Kwa hiyo tarehe iandikwe 2022-04-07 na saa iwe 08:00+03:00. Kisha kila kolamu iwe na maelezo yake: inapima nini, kwa kipimo gani, nani alipima.

Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote ni tofauti ya sifuri na nafasi tupu. Chombo kilichorudi bila samaki ni 0. Chombo ambacho hamkukiuliza ni nafasi tupu. Mkivichanganya, hakuna mtaalamu atakayeweza kuvitenganisha baadaye, na hesabu ya wastani wa mavuno itapotoka moja kwa moja.

Jingine ni namna mlivyopima. Vyombo vingapi kwa siku, na mlivichaguaje? Dema, mshipi na jarife mliviandika mbalimbali? Kama mlikuwa mnapima siku za bamvua na kupumzika maji mafu, semeni wazi. Kama kipindi cha kusi mlikosa wiki kadhaa, tajeni ni zipi. Msione haya kutaja mapengo, maana mtafiti anayeyajua atayazingatia, na asiyeyajua atadhani samaki walipungua.

Majina ya samaki yanahitaji subira. GBIF hutumia kiwango kiitwacho Darwin Core, na humo jina la kisayansi ni la lazima. Tasi wa kwetu kwa kawaida ni Siganus sutor. Lakini changu ni jamii kubwa ya Lethrinus, na kama mpimaji hakutofautisha, andikeni Lethrinus basi, msibuni spishi. Neno “changu” lenyewe libaki kwenye kolamu ya vernacularName, yaani jina la kienyeji. Msilifute kamwe, kwani ndilo alilolisema mvuvi siku ile.

Mahali napo: alama za GPS mlizoandika ni za diko au za mwambani walikovuliwa? Kama ni za diko, lisemeni hilo. Na kama baadhi mlizitoa kwenye ramani za zamani, hizo hutumia mfumo wa alama za mahali uitwao Arc 1960 wakati GPS hutumia ule wa WGS84, na hapa kwetu tofauti hufika karibu mita 300, umbali wa kutosha kumtoa samaki mwambani na kumweka mchangani. Andikeni mfumo uliotumika na makadirio ya kosa kwa mita.

Majina ya wavuvi na namba za vyombo viondoeni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwapo, mvuvi aliwapa taarifa kwa kuwaamini. Wekeni namba za siri, ufunguo wake ubaki kwenu. Kama kuna silikanti aliyenaswa, yule samaki adimu wa kale wa vilindini, nao hupatikana huko Tanga, msitoe alama kamili za alikonaswa. Zipunguzeni usahihi, kisha mwandike kwamba mmefanya hivyo.

Leseni GBIF inakubali tatu: CC0 (bila masharti), CC BY (lazima mtajwe) na CC BY-NC (lazima mtajwe, na isiwe kwa biashara). Mimi ningechagua CC BY, ili kila atakayetumia data awajibike kuwataja. Faili itapewa DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha mtandaoni, na wapimaji waorodheshwe kwa majina wakiridhia. Wao ndio walioloa mvua.

Kwa kupandisha, GBIF hupokea data kutoka taasisi iliyosajiliwa kwake, hivyo waoneni TanBIF, tawi la mtandao huo hapa Tanzania, au chuo mnachoshirikiana nacho. Ila kabla ya hapo, aya ya namna ya kupima iandikwe na yule aliyeshika mizani, kwa Kiswahili, kisha ndipo itafsiriwe. Mpeni aisome mtu ambaye hajawahi kufika dikoni kwenu, na kila atakapouliza swali, jibu lake liingizeni. Rasimu ikiwa tayari nitumie, nitaisoma mstari kwa mstari.