Ushuru Ukiondoka, Miombo Ibaki

Asali ya kikundi chetu cha wafugaji nyuki, wilayani Sikonge mkoani Tabora, imepita vipimo vya maabara na kupata mnunuzi wa Ulaya, na fahari yangu siifichi. Ndiyo maana namjibu hapa msomaji aliyeniandikia kwamba kufungua milango ya biashara ni kuuza misitu yetu.

Kwa mpango ulioanza mwaka 2001, Umoja wa Ulaya hautozi ushuru bidhaa za nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, isipokuwa silaha. Ushuru wa kawaida wa asali huko ni asilimia 17.3, kwa hiyo nafuu tunayoipata si ndogo. Hata hivyo, asali yenye unyevu unaozidi asilimia 20 hukataliwa, na hapo ndipo wengi hukwama. Dalali mmoja aliwahi kutulipa bei ya kutupa akidai kuwa asali yetu ni maji matupu, nasi hatukuwa na kifaa cha kumbishia. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Sasa tunayo refraktometa, kifaa kidogo cha kupima unyevu wa asali: unadondosha tone la asali juu ya kioo chake, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kusoma mstari ulipokatia. Nunueni kifaa hicho kabla ya kutafuta mnunuzi, na mvune tu masega ambayo nyuki wameshayaziba kwa nta, ishara kwamba asali yake imepungua maji.

Msomaji wangu ana hoja, kwa kuwa tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la kuni, nayo huuzwa nje, na mabani yake, yaani majengo ya kuikaushia, yanakula magogo ya miombo, miti ya misitu yetu, kila msimu. Tofauti ni kwamba nyuki wanahitaji mti uliosimama na wenye maua, ilhali bani linahitaji mti uliokatwa. Hata ufugaji wetu una doa lake, maana mzinga wa gome hupatikana kwa kuuchuna mti hadi ukafa. Mnunuzi wetu alitaka kujua mizinga yetu imetengenezwa kwa nini, na swali hilo lilifanya kazi ambayo semina nyingi hazikuiweza: wazee waliokuwa wakiipinga mizinga ya mbao wameikubali.

Ndugu zangu wafugaji nyuki, msiliachie soko peke yake ulinzi wa msitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuutungia sheria ndogo. Lipelekeni suala hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla bei ya asali haijawavutia wageni wenye mashoka.