Panya walinikariri mimi
Nimepita chumba cha bwawa, tunamopima kumbukumbu ya panya kwa kuwaacha waogelee watafute jukwaa lililofichwa chini ya maji, nikakuta kigoda kimerudi kona ileile. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mtanitoa roho. Haya, sikilizeni.

1. NGF, protini ya kukuza na kulinda seli za neva, inanata. Ukiichanganya bila albumini (protini ya kuizuia isinate), dozi inabaki kwenye kuta za kichupa na panya anapata salini tupu.

2. Pampu ya osmosisi, ile ndogo ya kutoa dawa polepole mwilini mwa panya, inalowekwa kwenye salini ya nyuzi 37 usiku kucha, ndipo ipandikizwe. Kikaratasi kimo kwenye boksi, kisomeni.

3. Muda wa kufika jukwaani si kumbukumbu. Panya mwenye jeraha la ubongo huenda anaogelea taratibu tu, au haoni vizuri. Pima kasi, kisha mjaribu kwa jukwaa linaloonekana.

Hapo kwenye jukwaa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa nimewakata panya fimbria na foniksi, nyuzi za neva zinazotoka sehemu ya ubongo iitwayo septamu kwenda hipokampasi, sehemu ya kukumbuka mahali; nusu wakapewa NGF na nusu salini. Siku 5, mizunguko 4 kwa siku. Wote walijifunza vizuri, hata wa salini! Kengele ilipaswa kulia kichwani: panya ambaye hipokampasi yake imekosa asetilikolini (kemikali ya kupashana habari kati ya neva) kutoka septamu anajuaje njia hivyo? Haikulia. Nikamwendea msimamizi, kifua mbele, nikamwambia NGF haisaidii kitu. Protini iliyowapa Levi-Montalcini na Cohen Nobeli mwaka 1986, mimi nimeshaihukumu.

Siku ya kuondoa jukwaa, ili tuone panya watalitafuta wapi, kamera ikagoma. Nikawa nahangaika na nyaya, mwenzangu akachukua saa, akasimama upande wa pili na koti lake jeupe. Panya wa kwanza akamwendea moja kwa moja. Akazunguka miguuni pake, akaparura ukuta wa bwawa, akarudi tena palepale. Wa pili hivyohivyo. Kufika wa nne mwenzangu hakuwa anacheka tena.

Kumbe siku zote tano nilikuwa nakaa kwenye kigoda, jukwaa likiwa kwenye robo ya bwawa iliyo mbele ya magoti yangu. Hawakuwa wamejifunza mahali, walijifunza koti. Na kufuata kitu kimoja kinachoonekana hakuhitaji hipokampasi nzima. Wanyama wote wale, upasuaji wote ule, nimepima jinsi ninavyoonekana nikiwa nimekaa.

4. Kaa nyuma ya pazia. Maji nyuzi 25 hivi, taulo karibu.

5. Aliyerudisha kigoda akitoe kabla ya saa mbili asubuhi. Simuulizi jina.